Tunamfagilia Nani?

Iko methali ambayo kila mmoja wetu ameijua tangu utoto: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaitamka kwa furaha mgeni anapobisha hodi, kuku akakamatwa, mchele ukachaguliwa, na watoto wakala siku ile chakula ambacho hawakukionja mwezi mzima. Ni methali njema, maana yausifu ukarimu, na ukarimu ni fadhila ambayo watu wa nchi hii hawajaiacha. Lakini mtu akiyapima maneno yake taratibu, ataona kwamba ndani yake mna jambo la kufikirisha. Ikiwa mwenyeji hupona mgeni ajapo, basi kabla ya mgeni kuja mwenyeji huyo alikuwa mgonjwa. Na mgeni akiisha kwenda zake, je, ugonjwa ule haurudi?

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu wapenzi juu ya usafi na utaratibu wa nyumba. Twajua wako watakaotabasamu na kusema kwamba hili ni somo la watoto wa darasa la kwanza, wala halistahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi twaona sivyo. Kwamba nyumba safi huleta afya, hakuna abishaye. Jambo hilo tumeliimba shuleni, tumelisikia zahanati, tumelisoma ukutani. Lililo gumu ni swali jingine, nalo ni swali la dhamiri: tunapofagia nyumba, tunamfagilia nani?

Siku moja mwandishi wa maneno haya alialikwa katika nyumba moja iliyo mbali kidogo na mji wa Songea. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya huku kwetu humfanya hata kijana atafute koti. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati. Uwanja ulikuwa umefagiwa alfajiri, hata alama za ufagio zikaonekana katika udongo mwekundu kama mistari ya daftari. Sebuleni viti vilifunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vikombe vilipangwa kabatini, na juu ya meza palikuwa na maua katika chupa. Bibi mwenye nyumba alitupokea kwa heshima kubwa, akasema: "Karibuni, wanangu, karibuni sana. Mtusamehe tu kwa uchafu wa nyumba yetu." Wala haikuwa chafu hata kidogo. Tukanawishwa mikono, tukala, tukashukuru.

Baada ya chakula niliomba kuonyeshwa msalani. Mjukuu mmoja akaniongoza kupitia uani, nasi tukapita mbele ya mlango wa jiko. Kilikuwa kibanda kisicho na dirisha, kuta zake nyeusi kwa masizi. Ndani yake alikuwamo mkaza mwana wa bibi yule, ameinama juu ya mafiga matatu akipuliza kuni mbichi, machozi yakimtiririka kwa moshi, na mgongoni amembeba mtoto mchanga aliyekuwa akikohoa. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa wazi karibu na mlango, kuku wakipita. Yule mama aliponiona alishtuka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema kwa aibu: "Shikamoo, Baba. Usitazame huku, Baba. Huku ni kwetu tu."

Huku ni kwetu tu. Nilirudi sebuleni nikaketi tena juu ya kitambaa cheupe, lakini neno lile halikuniacha. Katika nyumba ile mahali pasafi kuliko pote palikuwa pale ambapo mimi, mgeni wa saa tatu, nilikaa. Mahali pabaya kuliko pote palikuwa pale ambapo mtoto mchanga alikaa kila siku tangu kuzaliwa kwake. Mimi nilipewa hewa safi, yeye akapewa moshi.

Nisije nikaonekana kuwasema watu walionikirimu, naungama kwamba jioni ile, nilipofika kwangu, niliitazama nyumba yangu kwa macho mapya. Kabatini mlikuwa na vikombe vizuri ambavyo watoto wangu hawaruhusiwi kuvigusa, kwa kuwa ni vya wageni. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa na utelezi wa kijani ndani. Magodoro ya watoto hayakuwa yameanikwa juani tangu mvua zilipokoma. Mahali pa kunawia mikono karibu na choo palikuwa na ndoo tupu. Basi, sikuwa na haki ya kumsema mtu. Ndiyo sababu katika makala haya nasema "sisi", wala sisemi "wao".

NYUMBA NA MWILI WA MTU

Tuanze na mwili. Katika vita vya Krimea mwanamke Mwingereza, Florence Nightingale, alifika mwaka 1854 katika hospitali ya askari huko Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Aliona kwa macho yake jinsi askari wengi walivyokufa kwa magonjwa kuliko kwa majeraha ya vita. Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya uuguzi, na humo akataja mambo matano yanayoipa nyumba afya: hewa safi, maji safi, njia ya kuondoa maji machafu, usafi, na mwanga. Yafaa tuyatazame mambo hayo matano kwa makini. Hakuna hata moja ambalo kazi yake ni kumpendeza mgeni. Vitambaa havimo, wala maua, wala rangi ya ukuta. Yote ni mambo yanayomgusa yule anayelala, anayekula, anayekunywa na anayevuta pumzi ndani ya nyumba usiku na mchana.

Tuchukue hewa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya hewa iliyochafuliwa na moto wa kupikia majumbani, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 200,000 wasiofikia umri wa miaka mitano. Moshi wa kuni huingia hata ndani kabisa ya mapafu, ukamfungulia mtoto mlango wa nimonia, na baada ya miaka mingi ukamletea mama ugonjwa wa moyo na wa mapafu. Twamwona mama akikohoa, twasema ni uzee. Pengine si uzee, ni jiko.

Nasi wa nyanda hizi za baridi tuna hatari nyingine. Mwezi wa Juni na Julai usiku huwa mkali, na watu huziba madirisha, wakaingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu akiwa usingizini pasipo kumwamsha. Tena chumba kisichopitisha hewa wala mwanga ndicho kinachosaidia kifua kikuu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Dirisha ni dawa, nalo likiisha kutengenezwa halidai malipo mengine.

Tuchukue sakafu. Funza tunayemjua sote si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, akashuka na meli katika pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amevuka bara zima pamoja na misafara ya watu hata akafika pwani yetu. Anastawi katika vumbi kavu la sakafu ya udongo. Jike lake hupenya katika mguu wa mtu, likatoa mayai, na mayai yakaangukia tena katika vumbi lile lile. Kwa hiyo kumtoa mtoto funza kwa sindano na kuliacha vumbi chumbani ni kazi isiyo na mwisho. Sakafu ikinyunyizwa maji kabla ya kufagiwa, ikasilibwa mara kwa mara au ikatiwa saruji kwa mwenye uwezo, funza hukosa makao. Mtoto asiye na funza hutembea vizuri, hufika shuleni, wala hachekwi na wenzake.

Tuchukue maji na choo. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu, na hata kufika mwaka uliofuata zaidi ya watu 20,000 walikuwa wameugua. Ugonjwa huu hauhitaji mbu wala upepo. Njia yake ni kinyesi kuingia katika maji au chakula. Choo chenye kifuniko, maji yaliyochemshwa na kufunikwa, mikono iliyonawiwa kwa sabuni: mambo haya matatu huifunga njia hiyo.

Na tusisahau ghala, maana mkoa wetu wa Ruvuma ni mkoa wa mahindi. Katika nyumba nyingi magunia hulazwa chini, yakigusa sakafu na ukuta, na mahindi yakapata unyevu yakaota ukungu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua, na wengine wakafa, kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi waliyokula. Mahindi yaliyokaushwa vizuri, yakawekwa juu ya kichanja katika chumba kilichofagiwa, ni sehemu ya usafi wa nyumba, ingawa hakuna mgeni aliyewahi kutusifu kwa ajili ya ghala.

NYUMBA NA MOYO WA MTU

Lakini mtu si mwili peke yake. Wahenga walisema: Nyumba usiyolala ndani, hujui ila yake. Mgeni huziona kuta; mwenye kulala ndani huijua ila. Huujua ule ugomvi wa asubuhi, pale shati la shule lisipoonekana, au ufunguo umepotea, au karatasi ya kliniki ya mtoto imeliwa na panya. Huijua ile hasira ndogo ndogo ya kila siku ambayo haina mwanzo wala jina, bali hutokana na vitu visivyo na mahali pake. Baba akamkemea mama, mama akampiga mtoto, mtoto akalia, na wote wakatoka nyumbani mioyo imechafuka kabla jua halijapanda.

Utaratibu hauondoi umaskini, wala hauponyi kila huzuni. Hata hivyo, una nguvu yake. Mgonjwa aliyelazwa juu ya shuka safi, karibu na dirisha lililo wazi, huona kwamba hajatupwa. Mtoto aliyepewa pembe yake ndogo ya kuwekea daftari huona kwamba kazi yake yahesabiwa. Mzee ambaye chumba chake hufagiwa kama sebule ifagiwavyo huona kwamba bado ni mtu wa nyumba ile. Usafi ni lugha. Kila siku nyumba husema na wakaao ndani yake, ama yawaambia, "Ninyi ni watu wa thamani," ama yawaambia, "Ninyi ni watu wa huku nyuma tu."

Ni kweli kwamba jambo jema likipita kiasi hugeuka kuwa baya. Ziko nyumba ambamo mtoto haruhusiwi kucheza asije akachafua, baba haketi asije akakunja kitambaa, na jirani haji tena kwa kuwa alitazamwa miguu. Huko nyumba si ya watu, bali watu ni wa nyumba. Tusiusifu usafi wa namna hiyo, maana umelisahau kusudi lake. Tena tusiusifu usafi wa yule anayefagia kwake na kuitupa taka bondeni, ambako jirani huchota maji. Huyo ameuhamisha uchafu kutoka kwa mpendwa wake mmoja kwenda kwa mtoto wa mtu mwingine, akarudi nyumbani akijiona msafi.

JE, USAFI NI WA WENYE FEDHA?

Wako wasomaji watakaotupinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema: "Ninyi mnaoandika gazetini mna bomba na sabuni. Mtu anayeyafuata maji mbali, na fedha yake yote ikaishia katika mbolea na ada, atafanyaje usafi huo mnaousifu?"

Hatuwezi kujibu hoja hii kwa wepesi. Historia yatuonya kwamba neno "usafi" limetumiwa mara nyingi kuwadharau maskini. Wakati wa ukoloni miji yetu iligawanywa kwa rangi za watu, na afya ikatajwa kuwa ndiyo sababu. Pale Dar es Salaam uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uwatenge wakazi wa Kiafrika wa upande wa Kariakoo na sehemu nyingine za mji. Walioambiwa kwamba ni wachafu ndio walionyimwa mifereji, kisha wakalaumiwa kwa kukosa mifereji. Basi, mtu akimwona maskini na nyumba yake ya nyasi, asikimbilie kumhukumu. Ajiulize kwanza ni nani aliyenyimwa maji, na kwa nini.

Hata hivyo, haifai vilevile kumwambia maskini kwamba hana awezalo kulifanya. Hilo nalo ni dharau, ingawa limevikwa vazi la huruma. Katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, palifanyika utafiti wa miaka mingi juu ya ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao huweza kumpofusha mtu. Nchi ile ni kavu, na maji yake ni ya taabu. Baadhi ya vijiji vilipewa dawa ya macho peke yake. Vingine vilipewa dawa pamoja na mafundisho ya kuwaosha watoto nyuso. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: pale ambapo nyuso za watoto ziliendelea kuwa safi, ugonjwa mkali wa macho ulipungua zaidi. Wazazi wengi walikuwa wamedhani kwamba kuosha uso kwataka maji mengi, kumbe yatosha maji kidogo sana kuliko walivyofikiri. Tena watafiti walijifunza jambo ambalo yatupasa tulitie moyoni: uamuzi wa kuyatumia maji yale kwa uso wa mtoto haukuwa wa mama peke yake. Baba alikuwa na sehemu yake, na majirani pia.

Basi jibu letu ni hili. Yako mambo ya usafi ambayo maskini hawezi kuyapata pasipo msaada, kama vile maji ya bomba, nishati safi na barabara ya kuchukulia taka, na kwa hayo yafaa wenye mamlaka waulizwe bila woga. Serikali yenyewe, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Lengo hilo ni ahadi kwa yule mama wa kibandani, na ahadi hudaiwa. Lakini yako mambo mengine ambayo hayangoji mkakati. Tundu la dirisha katika ukuta wa jiko, kifuniko cha ndoo, kichanja cha vyombo, kuni zilizokaushwa kabla ya kuwashwa, godoro lililoanikwa juani: mambo haya yataka nia na mikono zaidi ya fedha.

MIKONO YA NANI?

Na hapa tunafika penye uchungu wa jambo lenyewe. Tumesema "mikono". Ni mikono ya nani?

Katika nyumba nyingi anayefagia ni mama na binti. Anayechota maji ni wao, anayefua ni wao, anayeosha vyombo ni wao. Anayemsifu au kumlaumu ni baba. Nyumba ikiwa safi, watu husema baba fulani ana nyumba nzuri. Ikiwa chafu, husema mke wake mvivu. Mwanamke arudi shambani jua likizama, abebe kuni kichwani na mtoto mgongoni, kisha apike, apakue, aoshe, na kesho aamke kabla ya wote ili uwanja uonekane umefagiwa. Twauliza kwa unyofu: nyumba ambayo usafi wake umemchosha mtu mmoja hata afya yake ikaharibika, je, yaweza kuitwa nyumba yenye afya? Sisi twasema, la. Ni sawa na taa inayoangaza kwa kuuteketeza utambi wake mwenyewe.

Wazee wetu wengi wanaukumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadili juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Walioshiriki walikuwa karibu milioni mbili. Walipokwisha kujadili hawakwenda kulala. Walikwenda kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo, na vyoo vilivyochimbwa vilikuwa maelfu kwa maelfu. Jina la kampeni ile lilikuwa na hekima kubwa. Halikusema "Nyumba ni afya", wala "Sebule ni afya". Lilisema Mtu. Tena halikusema "Mwanamke ni usafi". Wanaume walishika jembe na sururu, wala hakuna aliyeona kwamba heshima yake imepungua kwa kuchimba choo.

Tukiyatazama tena mambo yale yaletayo afya, tutaona kwamba mengi yake ni kazi ambazo hata kwa desturi zetu za zamani ni za mwanamume: kutoboa dirisha, kuchimba shimo la taka, kujenga choo na kukitilia mlango, kupandisha bomba la moshi, kutengeneza kichanja, kuinua magunia. Baba ambaye hajafanya lolote kati ya hayo hana haki ya kuuliza kwa nini nyumba haikufagiwa. Na mvulana asiyefundishwa kuosha sahani aliyolia atakuwa mume wa namna gani? Ufagio hauna jinsia. Tunaupa sisi wenyewe, kwa kuwa unatufaa.

TUIFUNGE NYUMBA YETU KWA NENO MOJA

Wasomaji wapenzi, hatusemi kwamba mgeni asifagiliwe. Mgeni ni heshima, na nyumba iliyotengenezwa kwa ajili yake ni salamu isiyo na maneno. Lakini wahenga walitufundisha pia kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Maana yake siku ya tatu yeye si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani. Sasa watoto wetu, wake zetu, waume zetu na wazee wetu ni watu wa siku ya tatu, na ya nne, na ya maisha yote. Wanashika jembe pamoja nasi. Je, kwa kuwa wamekwisha kuwa wetu, ndiyo wapewe moshi, na ndoo iliyo wazi, na kikombe chenye ufa?

Twashauri jambo moja dogo. Juma hili, mgeni wako akiisha kuondoka, usikae. Tembea ndani ya nyumba yako kana kwamba wewe ndiwe mgeni, lakini anza nyuma. Anza jikoni, uiname pale anapoinama mpishi, ukavute pumzi pale. Fika chooni. Fungua mtungi, utazame ndani. Lala kidogo juu ya godoro la mtoto. Ingia katika chumba cha mzee ukaone kama dirisha lake hufunguka. Kisha, kabla hujamwita mtu mwingine na kumwagiza, chagua kazi moja uifanye kwa mikono yako mwenyewe.

Yule mama wa kibandani alisema kweli bila kujua. Alisema, "Huku ni kwetu tu," akiona aibu, kana kwamba neno hilo latosha kuwa sababu ya moshi na masizi. Sisi twalichukua neno lake, tukiondoa "tu" peke yake. Huku ni kwetu. Kwa sababu hiyo hiyo, pafaa pawe pasafi kuliko mahali pote.